Siku Moja Guangzhou na Mtoto Tuliyemwasili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi na mume wangu ni wenyeji wa Tanga tunaoishi Minnesota, na Machi 2009 tulisafiri hadi China kumpokea binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miezi kumi na mitatu. Siku ya kumi baada ya kukabidhiwa mtoto tulikuwa mjini Guangzhou, hatuna miadi ya ofisi yoyote, tukaamua kutoka na kuutazama mji kama familia nyingine. Siku hiyo ndiyo tunayoulizwa kuliko zote: na ndugu wa nyumbani, na wazazi wenzetu walioasili, na siku hizi na vijana wenyewe walioasiliwa, ambao wanataka kujua siku zao za mwanzo zilikuwaje. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi mara kwa mara na kuyajibu kadiri tulivyoyaona wenyewe.

Je, familia ya kigeni bado inaweza kuasili mtoto nchini China?

Kwa kawaida, hapana. Serikali ya China ilikomesha kuwapeleka watoto nje kwa ajili ya kuasiliwa kuanzia tarehe 28 Agosti 2024, na uamuzi huo ulielezwa hadharani na msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, Mao Ning, tarehe 5 Septemba mwaka huohuo. Waliobakiziwa ruhusa ni wageni wanaokwenda China kuasili mtoto wa ndugu yao wa damu ndani ya vizazi vitatu, au mtoto wa mwenzi wao wa ndoa. Kufikia hapo zaidi ya watoto 160,000 walikuwa wamepata wazazi nje ya nchi hiyo tangu mwaka 1992, na zaidi ya nusu yao walikwenda Marekani, ambayo kwa mwaka 2005 peke yake iliwapokea watoto 7,903. Wengi wa watoto wa miaka ile walikuwa wasichana, kwa kuwa sera ya mtoto mmoja, iliyodumu hadi mwisho wa mwaka 2015, ilikutana na desturi kongwe ya kutaka mtoto wa kiume atakayebaki kwenye ukoo na kuwatunza wazazi uzeeni.

Ziko familia zilizokuwa zimekwisha kuonyeshwa mtoto wao kabla ya janga la Uviko-19 kusimamisha safari mwaka 2020, na ambazo mlango ulifungwa zikiwa bado zinasubiri. Siandiki juu ya matembezi yetu bila kuwakumbuka. Mengi yaliyomo hapa, basi, yatamfaa zaidi anayerudi China na mtoto aliyekwisha kukua, au mwenye ruhusa ya kuasili mtoto wa nduguye. Yale yanayomhusu mtoto mwenyewe yatamfaa yeyote anayempokea mtoto mgeni, popote alipo.

Kwa nini Guangzhou, ilhali mtoto alitoka mkoa mwingine?

Kwa sababu ya viza. Binti yetu alikabidhiwa kwetu Nanning, makao makuu ya Guangxi, na huko tulikaa takriban wiki moja tukisubiri pasipoti yake ya Kichina. Hata hivyo, viza za wahamiaji wanaotoka China kwenda Marekani zilishughulikiwa na ubalozi mdogo wa Marekani ulioko Guangzhou, kwa hiyo familia za Kimarekani zilizopokea watoto Hunan, Jiangxi, Chongqing au kwingineko zote ziliishia mji huo kabla ya kurudi nyumbani. Mtoto alipimwa afya, karatasi zikapelekwa ubalozini, kisha wazazi wakaitwa kula kiapo. Katikati ya hatua hizo palikuwa na siku tupu, na humo ndimo utalii wa familia hizi ulimozaliwa, pasipo mtu kuupanga.

Je, ni busara kumtembeza mjini mtoto ambaye bado hajawazoea?

Ni busara, ilimradi matembezi yawe mafupi na mtu ajue anayafanya kwa ajili ya nini. Washauri wetu walituonya, na onyo lao lilikuwa la haki, kwamba mtoto aliyetolewa kwenye kituo cha kulelea watoto amepoteza kwa siku moja kila sauti, kila harufu na kila mkono aliouzoea, na kwamba anachohitaji kwanza ni chumba kilekile, utaratibu uleule na nyuso zilezile mbili. Tulilishika shauri hilo kwa siku tisa. Tulijifungia hotelini, tukala humo, tukalala humo, na kufikia siku ya tisa hali ilikuwa hivi: mtoto alikuwa amemchagua baba yake tangu saa ya kwanza, na mimi alikuwa hataki hata nimshike kidole. Nikimsogelea na chupa ya maziwa aligeuzia uso ukutani. Nikimpakata alijikaza mwili mzima kama ubao, akaupinda mgongo nyuma, akalia kilio kikavu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwa watoto wa dada zangu.

Nilikuja kufahamu baadaye kwamba ubaya wa chumba cha hoteli ni kuwa hakina cha kutazamwa isipokuwa mtu mwingine. Mtoto na mama asiyemjua wanashinda kutwa wakitazamana. Yeye anausoma uso wangu kuona kama ni wa hatari, nami nausoma wake kuona kama leo atanikubali, na kila mmoja anamchosha mwenziwe. Nje ya hoteli palikuwa na miti, baiskeli, ndege kwenye vitundu na wazee waliokuwa wakinyoosha viungo, na mimi nikaacha kuwa jambo kubwa kuliko yote mbele ya macho yake. Sisemi kwamba alinikubali siku hiyo. Alinisahau kidogo, na kusahauliwa huko kulitupumzisha sote wawili. Hiyo ndiyo faida ya kutalii na mtoto wa namna hii, na kwa faida hiyo bustani ya mtaani inatosha sawasawa na jumba la kifalme.

Mlikwenda wapi, na kwa muda gani?

Kwenye karatasi ya hoteli mume wangu alikuwa ameandika sehemu tano. Tulifika mbili, kwa muda wa saa nne hivi, na ya tatu ilitushinda njiani.

Tulianza saa mbili asubuhi kisiwani Shamian, tulikofikia. Ni kisiwa kidogo, hakifiki hata kilomita moja kwa urefu, kilichotengwa na mji kwa mfereji mwembamba upande mmoja na kuoshwa na Mto Pearl upande wa pili. Baada ya Vita vya Pili vya Afyuni, walivyopigana na China, Waingereza na Wafaransa walikigawana, Waingereza wakachukua sehemu kubwa ya magharibi na Wafaransa sehemu ndogo ya mashariki, na majumba yao ya mawe yenye varanda bado yamesimama chini ya miti mikubwa yenye kivuli kizito. Magari ni machache, jambo ambalo kwa mwenye mtoto lina thamani kuliko usanifu wote huo. Asubuhi wenyeji hufanya mazoezi barabarani, na palikuwa na wazee wanne waliosimama duara wakipigiana danadana kwa miguu, si kwa mpira bali kwa kitu kidogo chenye manyoya ya kuku, bila kukiangusha. Mtoto alikifuata kile kitu kwa macho, juu, chini, juu, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kimya mikononi mwangu.

Kutoka hapo tulivuka daraja hadi kituo cha Huangsha na kupanda treni ya chini ya ardhi, vituo viwili tu, hadi Jumba la Ukoo wa Chen. Humo ndimo ningependa msomaji akawie, kwa sababu sisi tulikawia. Jumba hilo lilikamilika mwaka 1894 kwa michango ya koo 72 za watu wenye jina la Chen kutoka sehemu mbalimbali za mkoa wa Guangdong, ili vijana wao waliokuja mjini kwa ajili ya mitihani ya kifalme wapate pa kufikia na kusomea, na ili vibao vya wahenga wao vipate mahali pa kuheshimiwa. Mitihani yenyewe ilifutwa mwaka 1905, jumba likabaki, na sasa ni makumbusho ya sanaa za mikono za mkoa huo. Kwenye milango mikubwa ya mbele wamechorwa walinzi wawili warefu kuliko watu wawili waliopandana mabegani, wenye ndevu na silaha, na juu ya mapaa kuna mamia ya sanamu za udongo wa kuchoma kutoka Shiwan: wafalme, wapanda farasi, waigizaji wa opera, samaki, popo na matunda, vyote vimesongamana kwa rangi kama watu kwenye mnada.

Nilisimama kwenye ua wa jumba lililojengwa kwa ajili ya jina moja la ukoo, mgongoni nimembeba mtoto ambaye jina lake la ukoo alipewa na kituo kilichomlea. Tangazo lililochapishwa gazetini kuwatafuta wazazi wake lilikuwa na picha yake ndogo kama stempu, na siku 60 zilipopita bila mtu kujitokeza ndipo alipoweza kuasiliwa. Nakala ya gazeti hilo ilikuwa kwenye mkoba wangu wakati ule ule. Nilikuwa ninayawaza hayo mkono mdogo ulipochomoza kwenye kanga, ukapita kando ya sikio langu, na kidole kikaelekea juu ya paa. Akasema, “Eh.” Hakuwa akilia. Alikuwa akinionyesha samaki.

Kwa furaha hiyo tukafanya kosa. Tuliamua, kwa kuwa mambo yanakwenda vizuri, tuongeze Hekalu la Miti Sita, ambalo halikuwa mbali. Ilikuwa yapata saa sita, saa yake ya kulala, nasi tulilijua hilo. Tulipotoka kwenye kituo cha Ximenkou alianza kulia, na alilia mfululizo, kwa njaa, kwa usingizi, na nadhani kwa wingi wa vitu vipya vilivyokuwa vimemwagwa machoni mwake tangu asubuhi, hadi mfanyabiashara mmoja wa matunda akatuletea kiti cha plastiki bila kuombwa. Tulikaa pale kando ya barabara dakika kumi, tukakamata teksi, tukarudi. Alilala saa tatu. Jioni tulitembea ukingoni mwa mto kutazama taa za mashua, basi.

Mtoto abebwe vipi?

Shamian ilikuwa na maduka yaliyowaazima wageni vigari vya watoto bila malipo, kwa matumaini kwamba atakayerudisha kigari atanunua kitu, na kwa njia za kisiwani vilifaa sana. Kwenye ngazi za treni na kwenye vizingiti virefu vya majumba ya kale, ambavyo vimewekwa makusudi ili mtu auinue mguu, kigari ni mzigo.

Tulikuwa na mkoba wa kumbebea mtoto kifuani, kama tulivyoshauriwa, ili mtoto na mzazi waonane uso kwa uso. Kwa baba yake ulifaa. Kwangu mimi ilikuwa vita ileile ya hotelini. Asubuhi hiyo, kwa kukata tamaa kuliko kwa maarifa, nilichukua kanga moja ya doti niliyokuja nayo, nikamweka mgongoni kwa mbeleko kama mama alivyotubeba sisi, na akatulia. Mgongoni halazimiki kunitazama. Anaona ninachokiona, anasikia moyo wangu, na akichoka analaza shavu.

Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nimeingia kwenye desturi yao wenyewe. Wanawake wa Guangdong tangu zamani wamebeba watoto mgongoni kwa kitambaa cha mraba chenye mikanda minne, ambacho kwa Kikantoni huitwa *meh daai*, na mabibi wa makamo waliotuona walicheka, wakapiga mapaja yao, wakaonyesha kwa mikono jinsi walivyobeba watoto wao. Hata hivyo aliyenisahihisha hakuwa Mchina. Kwenye ngazi za kituo cha treni tulipishana na mama mmoja mwenye marobota ya suruali za jinzi, mmoja wa wafanyabiashara wetu wengi wanaokwenda kununua bidhaa Guangzhou, na nikasikia nyuma yangu kwa Kiswahili cha Dar es Salaam: “Dada, mtoto anateleza huyo. Simama kidogo.” Aliyatua marobota, akampandisha mtoto, akalikaza fundo, akatazama uso wa mtoto, kisha wangu.

“Ni wako?”

“Ni wangu.”

“Haya, Mungu akukuzie,” akasema, akabeba mizigo yake, akaenda zake.

Ale nini siku ya matembezi?

Ale kile alichokula jana. Wiki ya kwanza si wakati wa kumbadilishia mtoto maziwa, na ni vyema kuuliza siku ya makabidhiano jina la maziwa ya unga aliyozoea, kiasi cha vijiko na saa za kula, kisha kuyanunua hayohayo. Binti yetu alizoea maziwa mazito yaliyokorogwa na unga wa mchele, ya moto kuliko ambavyo ningethubutu kumpa mtoto, na aliyakataa maziwa yetu ya vuguvugu mpaka tulipoelewa kwamba hakuyakataa maziwa bali ubaridi na wepesi wake. Chuchu ya chupa yake ilikuwa imepanuliwa tundu ili uzito huo upite, nasi tukafanya vivyo hivyo.

Maji ya bomba hayanywewi bila kuchemshwa, lakini maji ya moto hayakosekani: kila hoteli ina birika chumbani, na mkahawa wowote hujaza chupa ya chai bila swali, kwa sababu wenyeji wenyewe hunywa maji ya moto mchana kutwa. Kwa chakula cha mkono, Guangzhou ni mji wa rehema kwa mtoto asiye na meno ya kutosha. Uji wao wa mchele hupikwa mpaka punje zinayeyuka, na Mswahili hahitaji kufundishwa faida ya uji. Kuna yai lililovukishwa likawa laini kama maziwa mgando, kuna tofu, kuna ndizi. Kwenye mikahawa ya chai ya asubuhi, ambako maandazi madogo yenye nyama au kamba huletwa kwenye vikapu vya mianzi, kelele ni nyingi kiasi kwamba kilio cha mtoto hakimgeuzi mtu shingo.

Je, watu watatutazama?

Watawatazama. Mtu na mkewe Waafrika wenye mtoto wa Kichina mgongoni ni jambo la kutazamwa hata katika mji uliozoea Waafrika, na Guangzhou wa mwaka 2009 ulikuwa nao wengi, hasa mtaa wa Xiaobei, ambako madereva wa teksi walidhani tunaelekea kabla hatujafungua mdomo. Wengi walitazama kwa udadisi usio na ubaya. Wachache walipiga picha bila kuomba ruhusa, nasi tulijifunza kugeuka tu, bila ugomvi.

Walioshughulika nasi kweli walikuwa mabibi, na neno lao lilikuwa moja: soksi. Mtoto alikuwa miguu mitupu, kama watoto wetu, na kwa bibi wa Guangdong mwezi wa Machi hilo ni kosa la jinai. Wa kwanza alinionyesha miguu kwa kidole. Wa pili aliishika, akaipapasa kama apimaye joto la chungu, akanikemea kwa sentensi ndefu ambayo haikuhitaji mkalimani. Wa tatu alivuta kanga yangu mwenyewe akaifunika miguu hiyo kwa pindo lake. Ushauri wangu ni kumvisha mtoto soksi hata kama jasho linamtoka, kwa ajili ya amani, na pia kwa sababu wale wanawake walikuwa wakimlinda mtoto wao asiharibiwe na wageni, jambo ambalo siwezi kuwalaumu.

Wanaposema “mtoto huyu ana bahati”, tujibu nini?

Tuliambiwa hivyo mara nyingi, kwa dole gumba juu. Mume wangu alijibu kila mara kwamba wenye bahati ni sisi, na alimfundisha mkalimani kulisema hilo vizuri. Mimi sikupenda neno lenyewe na bado silipendi, kwa sababu mtoto aliyepoteza mama wa kumzaa na kisha walezi wake kabla ya kufikisha miezi kumi na minne hajapata bahati ambayo ningemtakia mtu; lakini barabarani si mahali pa kulijadili, na tabasamu linatosha.

Vipi kuhusu mahekalu? Sisi ni watu wa dini.

Hekalu la Miti Sita, lile lililotushinda siku ile, tulilifikia siku mbili baadaye. Lilianzishwa mwaka 537, na mnara wake wa kale ulisimamishwa mwaka 1097. Jina lake latokana na maandishi ya mshairi Su Dongpo, aliyeipenda miti sita aliyoikuta hapo. Familia nyingi za Kimarekani ziliwapeleka watoto wao humo wakaombewe na mtawa wa Kibudha. Sisi ni Wakristo, na tuliona inatosha kukaa uani kimya, kutazama na kuondoka kwa heshima. Hakuna aliyetulazimisha. Muislamu atapenda kujua kwamba si mbali na hapo uko Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti ya kale kabisa nchini China, ambao mapokeo ya wenyeji huuhusisha na Saad bin Abi Waqqas. Na Mkatoliki atakuta kanisa dogo la Mama Yetu wa Lourdes upande wa Kifaransa wa Shamian, hatua chache kutoka mtoni.

Je, kuna lazima ya kupiga picha kwenye kochi jekundu?

Lazima hakuna. Kwenye Hoteli ya White Swan, iliyofunguliwa Shamian mwaka 1983, familia zilikuwa na desturi ya kuwapanga watoto wao kwenye kochi jekundu wakiwa wamevaa nguo za hariri, kumi kwa pamoja, nusu yao wakilia. Tunayo picha hiyo na binti yetu anaichekelea. Picha ninayoithamini ni nyingine, aliyoipiga baba yake kwa nyuma: mgongo wangu, kanga, na kidole kinachoelekea juu.

Jambo moja la hotelini humo halipaswi kukosekana, nalo ni maporomoko ya maji yaliyojengwa ndani, ukumbini, yenye maandishi yasemayo “maji ya nyumbani”, yaliyowekwa kwa ajili ya Wachina wa ng'ambo wanaorudi kutembea. Sauti ya maji hayo ilimlaza mtoto wetu jioni mbili ambazo sisi tulikuwa tumeshindwa.

Tumnunulie nini cha kumbukumbu?

Muhuri wa jiwe uliochongwa jina lake la Kichina, kwa sababu ni jina alilokuja nalo. Nguo ya hariri ya ukubwa wa sasa na nyingine ya miaka ya mbele, ukipenda. Epuka vile viatu vinavyolia “piu” kila mtoto akikanyaga. Tulivinunua, vikawafurahisha watu wote wa Shamian, na ndani ya ndege viliwekwa chini kabisa ya sanduku.

Hali ya hewa ikoje, na tubebe karatasi gani?

Machi ni msimu wa manyunyu na unyevu ambao wenyeji huueleza kama kurudi kwa kusini: upepo wa joto kutoka baharini hukutana na kuta zilizobaki baridi, kuta zikatoka jasho, sakafu zikateleza, na nepi za kitambaa zisikauke kwa siku mbili. Kuanzia Mei joto ni la Tanga la Januari, na mtoto asitolewe kati ya saa tano na saa kumi.

Kuhusu karatasi, tulitembea na pasipoti za wazazi, nakala ya hati ya kuasili yenye picha yetu sote watatu, na kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina ya kumwonyesha dereva. Hati halisi zilibaki kwenye kasha la hoteli. Bahasha ya ubalozi, iliyotolewa mwishoni ikiwa imefungwa ili ikabidhiwe kwa afisa wa uhamiaji wa Marekani, haikuruhusiwa kufunguliwa na mzazi kwa sababu yoyote ile.

Je, mtoto anakumbuka chochote, na inafaa kumrudisha?

Hakumbuki, na hatukutarajia akumbuke. Tulimrudisha kiangazi cha mwaka 2019, akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa ombi lake mwenyewe. Mengi yalikuwa yamebadilika: ubalozi mdogo ulikuwa umehamia majengo mapya upande mwingine wa mji, mnara wa Canton wenye urefu wa mita 600 ulikuwa umesimama mahali ambapo sisi tuliona kreni za ujenzi, na maduka yaliyoazima vigari yamekuwa mikahawa ambako maharusi huja kupigwa picha. Atakayekwenda sasa ajue pia kwamba malipo karibu yote hufanywa kwa simu, kwa Alipay au WeChat, na ni vyema kuziandaa programu hizo kabla ya kupanda ndege.

Tulimwachia yeye kupanga siku, nalo ni jambo ninalolipendekeza kwa kila familia inayorudi. Alitaka treni, kisha uji, kisha Jumba la Ukoo wa Chen, ambalo alilijua kwa picha moja tu. Alisimama uani akatafuta kwa muda mrefu samaki aliyekuwa akionyesha, lakini samaki ni wengi juu ya mapaa yale, na baba yake alimwonyesha mmoja nami nikamwonyesha mwingine, tukabishana. Alituacha tukibishana. Baadaye, tukiwa tumekaa kwenye ngazi, aliniuliza kama alikuwa mzito. Nilimjibu kwamba alikuwa na kilo saba na nusu, na kwamba mgongo uliniuma mpaka tulipotua Minneapolis.